Shamba Moja, Wenyewe Wawili

Shamba la michikichi nje kidogo ya mji wa Rumonge laweza kuwa na wenyewe wawili, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Wa kwanza anamtaja babu yake aliyelifyeka lile pori, anaonyesha kidole mahali ilipokuwa nyumba ya wazazi wake, anawataja majirani wa mwaka 1972 jina kwa jina. Wa pili ana karatasi aliyopewa na ofisi ya serikali, au hati ya kununulia. Michikichi yote iliyosimama pale ameipanda yeye, na watoto wake hawajui kwao pengine. Kundi la kwanza Warundi huliita abahungutse, yaani waliorudi. La pili ni abasangwa, waliokutwa.

Shauri kama hilo likifika mbele ya hakimu, mmoja atatoka na shamba na mwenzake atatoka mikono mitupu. Jioni yake wote wawili watateka maji kwenye bomba moja. Ndiyo sababu watu wa pwani hii ya ziwa Tanganyika wamekuwa wakitafuta, kwa vizazi kadhaa, namna ya kumaliza ugomvi kabla haujafika mahakamani. Wamewahi kufanikiwa, na wamewahi kushindwa vibaya, na kila mara sababu zilionekana waziwazi.

Rumonge iko kilomita zipatazo 70 kusini ya Bujumbura, kwenye uwanda wa Imbo, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya maji na milima. Ni mji wa samaki, mukeke na ndagala, na zaidi ya yote ni mji wa mawese. Kiswahili kimesikika hapa tangu karne ya 19, enzi ambazo wafanyabiashara wa Ujiji walipandisha majahazi yao kuelekea kaskazini. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliifanya Rumonge kuwa mojawapo ya vituo vyake. Wavuvi na wakulima wa asili mbalimbali, Warundi na watu waliovuka kutoka ng'ambo ya Kongo, walikaa pamoja, na hadi leo lugha ya sokoni ni Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi.

Tukio moja la zamani la pwani hii lililoandikwa vitabuni ni ugomvi ambao haukupata msuluhishi. Mwaka 1879 Mapadre Weupe walifungua misheni Rumonge. Wakampokea mtoto ambaye wenyeji walidai ni wao, wakakataa kumtoa. Kila upande ulikuwa na hoja yake, na hakukuwa na mtu wa kati ambaye pande zote mbili zingemsikiliza. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao Mbelgiji D'Hoop, waliuawa. Misheni ikafungwa.

Lakini Burundi haikuwa nchi isiyo na wapatanishi. Kwenye kila kilima walikuwepo Bashingantahe, watu wazima walioaminiwa na majirani zao kusikiliza mashauri. Hakuna aliyejiteua. Mtu alitazamwa kwa miaka: anasemaje mbele za watu, akinywa huwa vipi, je hutunza siri, je ana mali ya kumtosha asishawishike kwa sahani ya chakula? Akiridhiwa, ilifanyika sherehe ya kumtawaza, kwatirwa, mbele ya kilima kizima, naye akaapa kusimamia haki hata dhidi ya ndugu yake. Pombe ya ndizi na ya mtama ililetwa kwa mitungi, kwa sababu watu wote walitakiwa kuwa mashahidi wa kiapo kile. Aliyekivunja alivuliwa cheo hadharani.

Kikao chenyewe kilikuwa na utaratibu wake. Wazee waliketi, mdai akazungumza mpaka mwisho bila kukatizwa, kisha mdaiwa, kisha mashahidi na majirani. Mshingantahe alipotaka kusema aligonga ardhi kwa intahe, fimbo ya cheo chake, na maneno yakafuata mapigo. Halafu wakajitenga pembeni kushauriana, wakarudi na neno moja. Kama ugomvi ulikuwa wa mpaka wa shamba, walikwenda palepale mpakani, wakatembea juu ya mstari unaobishaniwa, wakauliza nani alipanda mti gani. Pande zikikubali, zilikunywa pamoja. Asiyeridhika aliweza kupanda kwa chifu na hatimaye ikulu kwa mwami, yaani mfalme, ambako nako walikuwepo Bashingantahe.

Mtu asiusifu mfumo huu kupita kiasi. Watwa hawakutawazwa. Mwanamke alikaa kando ya mumewe siku ya sherehe, akapewa heshima ya mke wa mshingantahe, lakini hakusikiliza mashauri kwa jina lake mwenyewe. Na pombe iliyoanza kama alama ya kupatana ikageuka, hapa na pale, kuwa ada ya kuingilia: asiyekuwa na mtungi alingoja. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo taratibu nyingi zilizoufuata zimelikosa. Aliyehukumu alikuwa jirani, aliijua ardhi inayogombaniwa, na kesho yake alikutana njiani na wote aliowahukumu.

Wabelgiji, waliochukua nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, hawakuwafuta Bashingantahe. Waliwapunguzia uzito. Sheria ya mwaka 1943 ilizipanga upya mahakama za wenyeji chini ya machifu, zikawa na makarani, daftari na faini. Wazee wa kilima wakabakiwa na kazi ya kupatanisha tu, na aliyeshindwa kwao alijua kwamba juu kuna mlango mwingine. Pwani ya ziwa ilipata misukosuko yake zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi wa Imbo na kuwahamisha wengine. Baadaye wakoloni walirudisha watu kwa mpango, wakawapimia mashamba. Familia nyingi za Rumonge zilizosema "hapa ni petu" mwaka 1972 zilikuwa na vizazi viwili au vitatu tu vya kumbukumbu juu ya ardhi ile, na ilitosha kabisa.

Kisha ukaja mwaka wenyewe. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo mengine ya kusini, wakawaua Watutsi, maofisa na raia wa kawaida. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima dhidi ya Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi. Waliouawa hukadiriwa kati ya 100,000 na 300,000. Watu wa pwani walipakia watoto kwenye mitumbwi wakavuka kwenda Kigoma, au wakatembea usiku kuelekea mpakani. Tanzania iliwapeleka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na huko wengi wao walikaa zaidi ya miaka 30.

Ardhi waliyoiacha haikubaki wazi. Nyingine ilichukuliwa na majirani, nyingine iligawiwa na viongozi kwa watu kutoka milimani, hasa Bururi. Serikali nayo ikaingia. Kwa jina la SRD Rumonge, shirika la maendeleo la eneo hilo, mashamba makubwa yalipandwa michikichi ya mbegu bora, vipande vikapimwa upya na kupewa wakulima wapya. Mipaka ya zamani ikafutika chini ya mistari iliyonyooka ya miti. Mwaka 1977 serikali ya Jean-Baptiste Bagaza ilitoa amri ya kuwarejesha wakimbizi na kuunda tume ya kusuluhisha ugomvi wa ardhi, lakini wakati ule waliorudi walikuwa wachache na hofu ilikuwa nyingi. Sheria ya Ardhi ya 1986 ikaongeza kufuli: aliyekalia ardhi miaka 30 bila kupingwa aliweza kuwa mwenyewe, na kwa aliyeipata kwa nia njema ilitosha miaka 15. Mtu aliyekimbia mwaka 1972 akiwa mtoto alikuwa amepoteza haki yake kabla hajajua kwamba anayo.

Kwa hiyo, amani ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi ilipopatanishwa Arusha, ardhi ilikaa katikati ya meza. Mwalimu Nyerere aliendesha mazungumzo hayo hadi kifo chake mwaka 1999, Nelson Mandela akayakamilisha, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Kifungu cha wakimbizi kilisema kila aliyekimbia lazima aweze kurudishiwa mali yake, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Ni ahadi nzuri. Ila fidia huhitaji fedha, na Burundi iliyotoka vitani haikuwa nazo.

Ndipo ikaundwa, mwaka 2006, Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ambayo kila Mrundi anaijua kwa herufi zake za Kifaransa, CNTB. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa padre Mkatoliki, Astère Kana. Yeye na watu wake walikuta Rumonge na mkoa wa Makamba vikiwaka. Hawakuwa na ardhi mpya ya kugawa wala fedha za kufidia, wakachagua njia ya kugawana. Aliyerudi apate sehemu, aliyekutwa abaki na sehemu, na wote wawili watie saini.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu, maana ugumu wake ulikuwa shambani na si katika maandishi. Tume ilikutana na pande zote pamoja na kiongozi wa kilima, wazee na majirani. Waliingia shambani. Ikabidi kwanza kukubaliana shamba lenyewe linaanzia wapi, kwa kuwa mti wa zamani wa mpakani ulikwisha kukatwa na kijito kilikwisha kuhama. Halafu wakahesabu michikichi. Nusu ya eneo si nusu ya mali, kwa sababu upande mmoja unaweza kuwa na miti inayozaa na mwingine ukawa na miti iliyozeeka. Ikaja nyumba: nani amejenga, na je mpaka unaweza kuizunguka? Yakaja makaburi. Waliorudi walitaka sehemu ilipo mifupa ya wazee wao, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa karibu na maji. Walipofika mwisho, waliojua kusoma walitia saini, wengine wakaweka dole gumba. Kwa familia ya watu wanane, nusu ya kipande kidogo cha Imbo haitoshi kula mwaka mzima. Wote walilijua hilo walipokuwa wakitia dole gumba.

Wakati uleule watu wakawa wengi. Tanzania iliamua kuyafunga makazi ya zamani, ikawapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua. Zaidi ya 160,000 walichukua uraia wa Tanzania. Zaidi ya 50,000 walirudi Burundi, wengi wao katika miaka ya 2008 na 2009, na kusini ya nchi ndiko wengi walikokuwa wametoka. Baraza la Wakimbizi la Norway lilitoa wanasheria wa kuwashauri waliorudi, na shirika la ACCORD la Afrika Kusini lilifanya kazi na Bashingantahe kupatanisha pande. Wasiokuwa na kumbukumbu ya kwao walijengewa vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara katika Rumonge, ambako waliorudi na wengine wasio na ardhi walipangwa nyumba kwa nyumba.

Waliorudi hawakuridhika na kugawana, na malalamiko yao hayakuwa ya choyo. Waliuliza: kwa nini mtu aliyefukuzwa kwa mtutu wa bunduki agawane na aliyepewa shamba lake? Mwaka 2011 Monsinyori Sérapion Bambonanire alichukua uenyekiti wa tume, na swali hilo likapata jibu jipya. Shamba lote lirudi kwa aliyefukuzwa. Hata mikataba iliyokwisha kutiwa saini ikaanza kufunguliwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika macho ya haki ya kila mtu mmojammoja, Bambonanire alikuwa na hoja nzito. Lakini abasangwa walikuwa wamekubali kupoteza nusu ili wabaki na nusu iliyothibitishwa. Sasa waliambiwa watoke na watoto wao, bila fidia. Wengi walikuwa wamenunua, au wamepewa na serikali ileile iliyowaondoa. Mwezi Mei 2013 jaribio la kuiondoa familia moja nyumbani kwake Ngagara, Bujumbura, lilizua makabiliano kati ya polisi na vijana wa mtaa. Mwaka 2014 ikaundwa Mahakama Maalumu ya Ardhi na Mali Nyingine, na mapatano yakageuka kuwa kesi tena. Mwaka 2015 upinzani wa wakazi wa Makamba ukawa mkubwa kiasi kwamba shughuli za tume zilisimamishwa mkoani humo. CNTB yenyewe ilimaliza muda wake mwaka 2022.

Kosa kubwa la kipindi hicho lilikuwa kuuvunja mkataba ambao watu waliutia saini. Ugawanaji wa Kana haukuwa haki kamili, na baadhi ya waliorudi walikubali kwa sababu ya uchovu na njaa. Wale walioshinikizwa walistahili kusikilizwa upya, mmoja mmoja. Kufungua mikataba kwa jumla kulimfundisha kila mkulima wa pwani kwamba makubaliano hayana uzito kuliko maoni ya mwenyekiti aliyepo. Baada ya somo hilo, nani atakubali kupatana?

Jambo hili linaeleweka vizuri zaidi likiwekwa kando ya desturi iliyozaliwa mbali sana na Imbo. Mwaka 1990 wakili Stuart Webb wa Minneapolis, Marekani, alichoshwa na kesi za talaka zilizowamaliza wateja wake, akatangaza kwamba hatakwenda tena mahakamani. Katika utaratibu alioanzisha, mume na mke, kila mmoja na wakili wake, hutia saini ahadi ya kuelewana mezani. Wakishindwa, mawakili wote wawili hujiondoa na wahusika huanza upya na wengine. Umeenea katika nchi nyingi. Nguvu yake inatokana na mambo mawili: hakuna anayelazimishwa kuingia, na kila mmoja anaweza kuondoka akijua mahakama bado ipo. Rumonge ilikuwa na la kwanza kwa kiasi. La pili lilikosekana, kwa kuwa aliyerudi bila shamba hakuwa na nauli ya kuhudhuria kesi, wala miezi ya kungoja.

Majirani wa Burundi walikwisha kuupitia mtihani huu. Rwanda iliwarasimisha wapatanishi wake, Abunzi, tangu 2004. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2002, iliweka mabaraza ya ardhi ya vijiji yenye wajumbe saba, na angalau watatu kati yao wawe wanawake. Kazi yao ni kupatanisha, na asiyeridhika yu huru kwenda mbele. Burundi ilitembea kwa kusitasita. Sheria ya serikali za wilaya ya 2005 iliwatambua Bashingantahe, na marekebisho ya 2010 yakawaondoa. Chama tawala cha CNDD-FDD hakikuwahi kuwaamini. Kiliwaona kama mabaki ya tawala zilizopita, na ni kweli kwamba tawala hizo ziliwahi kuwateua watu wao bila kiapo chochote. Hatimaye sheria ya Januari 2021 ilirudisha baraza la wazee wa kilima, safari hii kwa kura. Mwaka 2022 kila kilima na kila mtaa ulichagua wajumbe 15, wanaoitwa abahuza, ili ugomvi wa kiraia upite kwao kabla ya kufika mahakama ya mwanzo.

Kura si kiapo. Mshingantahe alitazamwa miaka. Muhuza huchaguliwa siku moja, na katika nchi ambayo chama kimoja kina nguvu kila kilima, ni rahisi viti vikajazwa na watu wa upande mmoja. Lakini kura nayo imefungua mlango ambao kiapo cha zamani kiliufunga: wanawake wanaweza kukaa barazani kama wasikilizaji. Hilo lina uzito mkubwa mahali ambapo hakuna sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi. Rasimu yake ilipokuwa ikijadiliwa iliwekwa kando mwaka 2011, na binti bado hutegemea desturi, ambayo humpa igiseke, kipande kidogo cha kutumia ambacho kaka zake waweza kukitaka tena. Mjane aliyerudi peke yake kutoka Mishamo, bila mume wa kumtaja na bila kaka wa kumsemea, alikuwa dhaifu kuliko wote katika kila kikao cha wanaume.

Kazi haijaisha. Tangu Septemba 2017 zaidi ya Warundi 200,000 waliokimbia msukosuko wa kisiasa wa 2015 wamerudishwa kwa hiari kutoka Tanzania na nchi nyingine. Maji ya ziwa nayo yamepanda miaka ya karibuni na kuzisogeza familia za pwani juu kidogo, kwenye ardhi ya watu wengine. Abahuza wa vilima vya Rumonge wana mashauri mapya juu ya yale ya zamani, na wengi wao hawana hata daftari la kuandikia.

Waanzie hapo. Kila makubaliano yaandikwe kwa Kirundi kinachosomeka, nakala moja kwa kila upande na moja mahakamani. Mchoro wa mpaka na idadi ya michikichi viandikwe ndani yake, na jina la mke liwe kando ya la mume. Kila upande uambiwe kwa sauti, kabla ya kutia dole gumba, kwamba unaweza kukataa na kwenda kwa hakimu. Na serikali itakayokuja, ya chama chochote, isiufungue mkataba huo mpaka mmoja wa waliousaini aonyeshe kwamba alilazimishwa.